Plagi kwanza, ekzosi baadaye: kuamsha Subaru ya turbo iliyozeeka

Forester SG5 na Impreza WRX ya GDA ndizo gari za turbo ambazo watu wengi wa Nairobi, Arusha na Dar es Salaam walizimudu kwa mara ya kwanza. Zilitengenezwa miaka ya 2000 hadi 2007, zikatumika Japani, kisha zikashushwa Mombasa na Dar zikiwa tayari zimekula kilomita. Nyingi zina injini ya EJ205 yenye silinda nne zilizolala ubavu, mbili kila upande, na ujazo wa sentimita za ujazo (cc) 1,994. Leo hata changa kati ya hizo imeshatumika miaka mingi kuliko alivyokusudia aliyeiunda, na mwenye nayo humwendea fundi na ombi moja: nifungulie ekzosi ilie.

Mwongozo huu unaanza upande wa pili, kwenye umeme wa plagi, na ekzosi inakuja baada yake. Turbo inapobana hewa ndani ya silinda, cheche inapata kazi ngumu zaidi ya kuruka kwenye plagi. Ukiongeza mtiririko wa moshi kwenye injini ambayo cheche zake zimechoka, utapata kelele na gari litamisi vilevile, tena mafuta yasiyoungua yataishia ndani ya masega ya ekzosi (katalisti inayosafisha moshi) na kuyayeyusha. Kwa hiyo usinunue bomba lolote kabla hujamaliza sehemu ya kwanza.

Unachohitaji mkononi

Racheti, ekstensheni fupi na ndefu, kiungo kinachopinda, boksi za 10, 12 na 14, boksi ya plagi ya 16 yenye mpira ndani, spana ya toki (ile inayotoa mlio ikifika kipimo), spana ya 22 kwa ajili ya sensa ya oksijeni, dawa ya kulegeza kutu, jeki na stendi mbili za uhakika. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kama ni kuchungulia tu. Ongeza kisomeo cha OBD2 (kinachosoma hitilafu kwenye kompyuta ya gari) cha bei ya kawaida, kipo kila duka la spea za umeme.

Plagi zipi

Plagi iliyozoeleka kwa EJ205 ya turbo ni NGK PFR6G, ya platinamu. Namba ya katikati ndiyo inayoeleza joto la plagi, na kwa NGK namba ikipanda plagi inakuwa baridi zaidi, yaani inapeleka joto haraka kwenye kichwa cha injini. Gari ambalo presha ya turbo haijaguswa libaki na 6. Likishatyuniwa, yaani kompyuta yake ikapangwa upya, na kuongezwa presha, watu hupanda hadi 7, kwa mfano PFR7B au BKR7EIX ya iridiamu. Kuweka 7 kwenye gari la kwenda kazini na kurudi kwenye foleni hakukuongezei kitu. Plagi haipati joto la kutosha kujichoma masizi, na baada ya muda asubuhi gari linawaka kwa shida.

Angalia pia urefu wa uzi. Plagi zote nilizotaja zina uzi wa milimita 19. Baadhi ya injini za Subaru za baadaye hutumia plagi ya milimita 26.5, na muuzaji asiyejali atakuambia "hiyo ni ya Subaru turbo, inaingia." Kuingia itaingia. Itatokeza ndani ya chumba cha moto na kukutana na pistoni. Beba plagi ya zamani dukani, uziweke pamoja mezani.

Feki nazo zimejaa, kuanzia Kirinyaga Road hadi Kariakoo. Plagi halisi ya NGK ina maandishi safi, uzi usio na makovu, na ncha iliyokaa katikati kabisa. Ikiwa ncha imepinda, au bei ya plagi nne ni sawa na ya plagi moja kwa duka la jirani, iache. Rahisi hughali.

Kuzitoa

Fanya kazi hii injini ikiwa imepoa au imebaki vuguvugu tu. Kichwa cha silinda ni cha aluminiamu, na ukifungua plagi kikiwa cha moto unaweza kutoka na uzi wake.

Silinda zimepangwa hivi: 1 ipo mbele kulia na 3 nyuma yake. 2 ipo mbele kushoto na 4 nyuma yake. Kulia ni kulia kwa aliyeketi kwenye usukani. Upande wa kulia toa boksi la eya klina upate nafasi. Upande wa kushoto toa betri (anza na waya wa hasi) na tenki la maji ya waipa. Ukifanya hivyo unaona kazi. Wanaokataa kutoa betri ndio wanaosema plagi za Subaru haziwezekani.

1. Puliza vumbi kuzunguka koili (kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche) kabla ya kufungua chochote. Mchanga ukidondoka kwenye tundu la plagi, unaingia ndani ya silinda.

2. Chomoa soketi ya waya kwa kubonyeza kifungio chake. Plastiki ya miaka ishirini huvunjika kirahisi, kwa hiyo bonyeza kwanza, vuta baadaye. Kisha fungua bolti ya 10 inayoshika koili.

3. Zungusha koili kidogo kushoto na kulia huku ukiivuta. Mpira wake ukibaki ndani, utoe kwa koleo la mdomo mrefu. Andika namba ya silinda juu ya kila koili kwa kalamu ya rangi.

4. Ingiza boksi ya plagi na mpira wake, weka ekstensheni fupi, kisha kiungo kinachopinda na racheti. Nafasi kati ya injini na chesi ni finyu, na mara nyingi itabidi uunganishe vipande hivyo kimoja kimoja vikiwa tayari ndani ya tundu.

5. Panga plagi mezani kwa mpangilio wa silinda. Usizitupe.

Sasa zisome. Rangi ya kahawia iliyopauka au kijivu ni afya. Masizi makavu meusi yana maana petroli inazidi au cheche ni dhaifu. Oili mbichi juu ya plagi, upande wa koili, inatoka kwenye sili za matundu ya plagi, na hizo hubadilishwa pamoja na gasketi za vifuniko vya valvu. Oili kwenye ncha ni habari nyingine, inatoka kwenye ringi au turbo. Kibaya zaidi ni vinukta vidogo vinavyong'aa kama pilipili manga kwenye kauri nyeupe: hivyo ni vipande vya aluminiamu, dalili kwamba injini imekuwa ikigonga (mafuta yakilipuka ovyo ndani ya silinda) na pistoni imeanza kuliwa. Ukiviona, acha mpango wa ekzosi hapo hapo.

Kwa kuwa plagi zote ziko nje, pima mbano wa silinda. Toa fyuzi ya pampu ya mafuta, acha koili zikiwa zimechomolewa, rudisha betri, kanyaga resi hadi mwisho, na zungusha stata mizunguko mitano au sita kwa kila silinda. Kitabu cha injini hii hutaja takriban psi 142 hadi 171. Hicho ni kipimo cha usawa wa bahari. Nairobi, hewa ya nje ina presha pungufu kwa karibu asilimia 18, na geji itasoma chini kwa kiasi kinachokaribia hicho bila injini kuwa na kosa lolote. Nimesikia mafundi wakihukumu injini nzima kwa kusahau jambo hili. Kinachohukumu ni tofauti baina ya silinda: tatu zikisoma 130 na ya nne 95, hiyo ya nne ina ugonjwa. Kwenye injini za EJ za turbo, silinda namba 4 ndiyo yenye sifa mbaya ya kuvunjika kuta za ringi kwenye pistoni, hivyo anza nayo.

Kuzirudisha

Pengo la plagi kwa gari la presha ya kiwandani ni milimita 0.7 hadi 0.8. Presha ikipandishwa, shusha hadi 0.65 au 0.7, kwa sababu hewa nzito inazima cheche ndefu. Pima kwa geji ya waya. Usiisukume ncha ya kati ya platinamu au iridiamu. Ukilazimika kurekebisha, gusa mkono wa nje tu.

Anza kufunga kwa vidole. Kipande cha hozi ya mpira kilichovalishwa kichwani mwa plagi kinafanya kazi hii vizuri sana. Uzi ukikaa vibaya, hozi inateleza badala ya kulazimisha. Zikishakaa, kaza kwa Nm 21. Kama huna spana ya toki, plagi mpya ikigusa sehemu yake ya kukalia ongeza nusu mzunguko, basi. NGK wenyewe wanasema uzi wa plagi zao hauhitaji grisi, na ukipaka utakaza kupita kiasi bila kujua.

Koili na waya

Watu hutumia pesa nyingi hapa bila sababu. Koili za kiwandani zinatosha kwa gari la barabarani, hata likiwa limeongezwa presha kidogo. Koili za rangi nyekundu zinazouzwa kwa sifa za "nguvu zaidi" mara nyingi hazifiki hata ubora wa ile uliyoitoa. Nunua mpya ikiwa iliyopo imekufa. Kujua iliyokufa ni rahisi: kisomeo kikionyesha P0302 (silinda 2 inamisi), hamisha koili ya silinda 2 uipeleke 1, endesha kidogo, usome tena. Hitilafu ikihamia P0301, koili ndiyo mkosaji. Ikibaki P0302, tafuta kwenye plagi, waya au injekta.

Zaidi ya koili, safisha arthi. Kuna waya wa hasi wa betri unaokwenda kwenye injini na mwingine unaokwenda kwenye bodi. Fungua, piga msasa hadi chuma king'ae, funga. Kisha pima betri: volti 12.4 na zaidi gari likiwa limezimwa, 13.5 hadi 14.5 likiwa saileni (linawaka bila kukanyagwa resi). Koili isiyopata volti za kutosha inatoa cheche nyembamba, na kosa linakwenda kwa plagi bure.

Endesha wiki moja hivyo. Gari ambalo lilikuwa linajikuna mlimani kwenye gia ya tatu, turbo ikianza kujaa, huwa limenyooka kwa hatua hii peke yake. Wapo wanaoishia hapa na kufurahi, na pesa ya ekzosi ikaenda kwenye matairi.

Ekzosi: kabla ya kununua, tafuta panapovuja

Moshi wa EJ205 hutoka kwenye manifoldi mbili zilizo chini ya injini, ukaungana, ukapanda kwa bomba moja hadi kwenye turbo, kisha ukashuka kwa daunpaipu kuelekea masega na sailensa. Sehemu iliyo kabla ya turbo ndiyo inayoizungusha. Ikivuja, turbo inachelewa kujaa. Na ikivuja kabla ya sensa ya oksijeni, hewa ya nje inaingia, kompyuta inadhani mchanganyiko una petroli kidogo, inaongeza mafuta yasiyohitajika.

Asubuhi, injini ikiwa baridi, washa na usikilize. Mlio wa tak-tak-tak unaofifia injini ikipata moto ni gasketi au ufa, chuma kikitanuka kinajiziba. Tafuta pia masizi meusi kwenye viungo. Njia ya uhakika zaidi ni kupuliza hewa kwenye mdomo wa ekzosi kwa mashine, gari likiwa limezimwa, huku ukipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo.

Hapo hapo chunguza bomba la kupanda. Baadhi ya WRX za miaka hii, hasa zilizouzwa Marekani, zina masega madogo ndani ya bomba hilo, kabla ya turbo. Yakizeeka hupasuka, na vipande huingia moja kwa moja kwenye magurudumu ya turbo. Kama lako linayo, hilo ndilo bomba la kwanza kubadilisha kuliko lolote, hata kama halikuongezei sauti.

Na sauti yenyewe, ule mngurumo unaotambulika mtaa wa pili, hutoka kwenye manifoldi zenye mabomba ya urefu usiolingana: mapigo ya moshi ya upande mmoja hufika kwenye turbo kwa kuchelewa. Ukinunua manifoldi za urefu sawa, turbo hujaa vizuri zaidi na mngurumo unapotea. Amua mapema unataka nini, kwa sababu nimeona watu wakilipia vyote viwili.

Kubadilisha daunpaipu

Hapa ndipo ekzosi ya kiwandani inapobana zaidi. Daunpaipu ya inchi 3 (milimita 76) yenye masega ya chuma ya seli 200 ni chaguo langu kwa gari la kila siku. Bomba tupu linafungua zaidi kidogo, lakini linanuka petroli kwenye foleni, linawasha taa ya injini kwa P0420 (hitilafu ya masega), na moshi wake haukusafishwa. Kenya ina kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira, tangu 2009, hivyo sailensa ya nyuma ibaki na kazi ya kufanya. Masega unayoyatoa ni mali yako na yana platinamu, paladiamu na rodiamu. Mwambie fundi mapema kwamba unaondoka nayo, maana yana wanunuzi.

Usiku wa kuamkia kazi, nyunyizia dawa ya kutu kwenye nati zote, na asubuhi nyunyizia tena. Kisha:

1. Toa intakula (kipoza hewa ya turbo) iliyo juu ya injini. Ziba mdomo wa turbo kwa kitambaa safi, na uhesabu vitambaa.

2. Toa bati la joto lililofunika turbo, boksi ya 12. Bolti hizi hukatika, kwa hiyo nenda mbele nusu mzunguko, rudi robo, mbele tena.

3. Toa sensa ya oksijeni kwa spana ya 22 kabla ya kugusa bomba. Usiishike ncha yake, na usiiache ining'inie kwa waya.

4. Fungua nati na bolti za turbo kwa 14, ukianza za chini ambazo hazionekani. Stadi ikitaka kukatika, ipashe moto kwa gesi huku mtu mwingine akiwa na kizima moto mkononi.

5. Chini ya gari, fungua kiungo cha nyuma na bolti inayoshika bomba kwenye gia boksi. Mtu mmoja ashike, kwani bomba ni zito.

6. Kabla ya kufunga jipya, zungusha shafti ya turbo kwa kidole. Kucheza kidogo kwa pembeni ni kawaida. Kusogea mbele na nyuma, au visu kugusa nyumba, si kawaida.

7. Weka gasketi mpya za chuma, usirudishe za zamani. Funga zote kwa mkono kwanza, kisha kaza kwa kuruka upande hadi upande, na kiungo cha nyuma kiwe cha mwisho ili bomba lisikae likivutwa.

Ukitengenezewa bomba na fundi wa kuchomelea, liwe la chuma kisichoshika kutu, hasa Mombasa, Tanga na Zanzibar ambako chumvi hula bomba la kawaida haraka. Liwe na kipande kinachonyumbulika, na likae juu ya mstari wa chesi, kwa sababu matuta yetu hayana huruma. Akichomelea likiwa garini, waya wa betri uwe umetolewa.

Ukiwasha mara ya kwanza, moshi wenye harufu ya oili dakika kumi za mwanzo ni mafuta ya mikono yanayoungua. Tak-tak mpya inamaanisha urudi chini.

Baada ya bomba, tyuni

Moshi ukipita kirahisi, turbo inajaa mapema na zaidi. Westigeti, mlango mdogo unaopitisha moshi pembeni ya turbo, inaweza kushindwa kuushusha mzigo, na presha ikaendelea kupanda kadiri unavyokanyaga. Kwa hiyo weka geji ya presha kabla ya kujaribu, na usikanyage hadi mwisho siku ya kwanza. Ikipita bar 1, rudi nyuma.

Kumbuka pia kompyuta hii iliandikwa Japani, kwa petroli ya pampu zao za hali ya juu inayofika oktani 100. Petroli ya kwetu iko chini ya hapo, na ndiyo maana injini hugonga. Mtyuni mzuri atapunguza kuwahi kwa cheche, ataweka mchanganyiko wa hewa na petroli karibu na 11:1 turbo ikijaa, na atakuonyesha kumbukumbu za kugonga kwenye kompyuta, si kukuambia tu "iko poa". RomRaider ni programu ya bure inayosoma kumbukumbu hizo kwa Subaru nyingi za miaka hii, kwa hiyo hakuna kisingizio. Asiyetaka kukuonyesha, mwache na laptopu yake.

Gari lililotyuniwa Nairobi lirekodiwe tena likiwa Mombasa kabla ya kukanyagwa huko. Pwani hewa ni nzito na ya moto, silinda inajaa zaidi, na mpangilio uliokuwa tulivu Thika Road unaweza kuanza kugonga ukiwa Nyali.

Baada ya kilomita 200 hivi, injini ikiwa imepoa, pitia tena nati zote za turbo na viungo, nyingi zitakubali robo mzunguko zaidi. Siku hiyohiyo toa plagi ya silinda 4 uiangalie kwa kioo cha kukuzia. Kauri ikiwa safi bila vinukta, funga, rudisha betri na uende.